Kaburi Lake Liko Wapi?

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kuhuisha na kufisha. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na ahali zake, na masahaba zake, na kila aliyeifuata njia yao kwa wema. Ama baada ya hayo:

Ndugu zangu Waislamu, imeenea siku hizi khabari ya watu kuyatafuta makaburi ya wazee wao. Mtu aliyezaliwa Mombasa au Nairobi, au aliyekaa ng'ambo miaka mingi, hufunga safari mpaka Lamu, Siyu, Faza, Mambrui, Takaungu au Vanga, akauliza: Babu yangu amezikwa wapi? Nyanya yangu alifariki mwaka gani? Ni nani aliyeandika? Hupelekwa maziarani, akafyeka majani, akasoma mawe yaliyosalia. Khalafu huenda kwa imamu wa msikiti, na kwa kadhi, na katika ofisi ya serikali, akatafuta jina moja ndani ya madaftari yaliyoliwa na mchwa.

Wako katika sisi wasemao kwamba kazi hii ni upuuzi, kwani aliyekufa amekufa, na mchanga wote ni mmoja. Na wako wanaoipenda kupita kiasi, hata wakayafanya makaburi ya wazee wao kuwa taji la kujivunia, au mlango wa kuombea haja. Haki iko baina ya makundi haya mawili. Twataka leo, kwa tawfiki ya Mwenyezi Mungu, tueleze ni lini swali hili la "kaburi lake liko wapi?" huwa ni jema, na ni lini huwa ni ubaya, na ni wajibu gani ulio juu yetu sisi tulio hai.

Tuanze na ubaya wake, ili tuufahamu tuuepuke. Katika Suratut-Takaathur Mwenyezi Mungu anawakemea watu walioshughulishwa na kushindania wingi mpaka wakayazuru makaburi. Wafasiri wametaja kwamba kulikuwa na kabila mbili zilizokuwa zikijifakharisha, kila moja ikihesabu mabwana zake na mashujaa zake. Walipokwisha kuwahesabu walio hai, wakatoka kwenda makaburini, wakawa wakiashiria: huyu ni wetu, na yule ni wetu, je, nyinyi mna mfano wake? Wakawafanya wafu kuwa mali ya mashindano. Hebu tazama, ndugu yangu, jinsi Kurani ilivyoupiga muhuri upumbavu huo, na jinsi ulivyo hai mpaka leo! Wangapi huenda maziarani kutafuta jiwe litakalowathibitishia kwamba wao ni wa ukoo fulani mtukufu, wakirudi waseme, "Sisi si sawa na hao"? Safari ya namna hii yavunja udugu wa Kiislamu, na mwenye kuifanya hurudi na mzigo mzito kuliko aliokwenda nao.

Ama wema wake, twauona katika mwendo wa Mtume wetu (S.A.W.). Imepokewa kwa Abu Huraira (R.A.), katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim, kwamba alikuwako mtu mweusi aliyekuwa akiufagia msikiti wa Madina. Mpokezi mwenyewe alisita: alikuwa mwanamume au mwanamke? Katika mapokezi mengine imetajwa kuwa alikuwa ni mwanamke, na kwamba akiitwa Ummu Mihjan. Basi mtu huyo alikufa, na masahaba wakamzika bila ya kumwarifu Mtume, kama kwamba waliliona jambo lake ni dogo. Mtume akamkosa, akauliza. Alipoambiwa kwamba amekwisha kufa aliwalaumu kwa kutompa khabari, akawataka wamwonyeshe kaburi lake. Wakamwonyesha, naye akasimama akamsalia.

Tulia hapa, ewe msomaji, uyapime maneno haya. Katika mji ule mlikuwa na matajiri na wenye nasaba kubwa. Mtume wa Mwenyezi Mungu, pamoja na shughuli zake zote, aliuliza kaburi la mfagiaji. Hakuuliza kwa ajili ya nasaba, kwani hatukuhadithiwa hata jina la baba yake. Aliuliza kwa sababu yule ni Muislamu aliyekuwa na haki, na haki ile ilikuwa haijatimizwa. Huu ndio msingi wa maneno yetu yote: swali la kaburi huwa ni sunna linapoulizwa ili haki itimizwe, na watu wa kwanza kuulizwa khabari zao ni wale ambao watu wameliona jambo lao ni dogo.

Na hadithi ya pili ni ile aliyoipokea Abu Daud katika khabari ya Uthman bin Madh'un (R.A.), ambaye ni katika Muhajirina wa mwanzo kuzikwa Baqii. Alipozikwa, Mtume (S.A.W.) alimwamrisha mtu alete jiwe, yule mtu asiweze kulichukua. Mtume akainuka mwenyewe, akakunja mikono ya nguo yake, akalibeba, akaliweka upande wa kichwa cha kaburi. Akaeleza sababu yake: apate kulijua kaburi la ndugu yake, na amzike karibu naye atakayekufa katika ahali zake. Basi kulitia kaburi alama ili lijulikane si jambo la kuzua. Mtume alilifanya kwa mikono yake mitukufu. Na jiwe lenyewe lilikuwa ni jiwe tu, lisilokuwa na nakshi wala sifa.

Sasa tutazame hali ya pwani yetu. Watu wa kale walituachia mawe mengi. Katika mji uliohamwa wa Gedi, karibu na Malindi, liko kaburi lililoandikwa mwaka wa 802 wa Hijra, nao waangukia mwaka 1399 na 1400 wa Miladi. Malindi penyewe, karibu na msikiti wa Ijumaa, yamesimama makaburi ya nguzo ya zamani sana, na Mambrui iko nguzo iliyopambwa kwa bakuli za Kichina. Haya ni mashahidi wa kwamba Uislamu katika pwani hii ni wa kale, na kwamba watu wake walijua kusoma na kuandika. Atakayesema kwamba Waswahili hawakuwa na tarikh, jiwe la Gedi lamjibu.

Lakini mawe haya hayakusema yote. Jiwe lililochongwa na kutiwa nakshi lilihitaji mali. Kwa hivyo yaliyosalia ni majina ya wenye mali na wenye vyeo, na kwa kila kaburi moja lililoandikwa, yako makaburi yasiyohesabika ambayo alama yake ilikuwa ni kipande cha tumbawe kichwani na kingine miguuni, kisha mvua ikapiga, na mbuyu ukaota juu yake. Humo wamo wavuvi, na mabaharia, na wasusi wa makuti, na wanawake waliosomesha watoto Kurani majumbani mwao. Na humo wamo watumwa, ambao jasho lao ndilo lililolima mashamba ya Malindi na Takaungu. Utumwa uliondolewa kwa sheria katika pwani hii mwaka 1907, nao waliokuwa watumwa wakafa mmoja mmoja, wakazikwa katika mchanga ule ule. Ni nani leo anayewauliza?

Basi mwenye kutaka kuwajua wazee wake asisimame penye jiwe peke yake. Aende kwanza kwa watu wazima, kabla hawajaondoka nao, khasa kwa mabibi; kwani wao ndio waliokaa eda, na waliokaa matangani, na mara nyingi hukumbuka msiba kwa mambo yaliyokuwa karibu nao: mwaka wa njaa fulani, au msimu wa kaskazi fulani. Kisha atazame misahafu na vitabu vya kale vya nyumbani. Kwani wazee wengi waliandika mazazi na mauti katika karatasi za mwanzo au za mwisho za kitabu. Kisha aende kwa kadhi, kwani penye mirathi iliyogawanywa hutajwa aliyekufa, na waliomrithi, na mara nyingi siku ya kufa kwake. Kisha atafute hati za wakfu. Maana aliyeweka wakfu nyumba au shamba hutajwa kwa jina lake na la baba yake, na pengine hueleza asomewe Kurani wapi na azikwe wapi. Mwisho aende kwa serikali. Sheria ya kuandikisha mazazi na vifo katika Kenya ilianza kutumika mwaka 1928, lakini haikuwalazimu watu wote mara moja. Ilienezwa kidogo kidogo mpaka ikaenea nchi nzima mwaka 1971. Kwa hivyo asiyemwona nyanya yake katika madaftari ya serikali ya zamani asidhani kwamba hakuwako. Walioandika ndio waliopungukiwa.

Na katika kusoma madaftari hayo yako mambo matatu yanayowapoteza wengi.

La kwanza ni majina. Mtu mmoja huandikwa Uthman msahafuni, Athman kwa kadhi, na Othman kwa karani wa serikali. Na Aisha huwa Esha, na Asha. Na wanawake aghalabu huandikwa "mke wa fulani" au "mama wa fulani", jina lake likapotea akiwa angali hai. Kwa hivyo usikamate jina moja peke yake. Fuata mnyororo: fulani binti fulani bin fulani.

La pili ni miaka. Mwaka wa Hijra wafuata mwezi, nao una siku 354 au 355, kwa hivyo ni mfupi kuliko mwaka wa Miladi kwa siku kama 11. Kila miaka 33 ya Hijra ni kama miaka 32 ya Miladi. Ukitaka kukisia, uchukue mwaka wa Hijra, uondoe sehemu 3 katika kila 100, kisha uongeze 622. Mfano wake, mwaka 1318: sehemu 3 katika 100 ni kama 39, zikiondoka zabaki 1279, ongeza 622, wapata 1901. Na hakika yake ni kwamba mwaka ule ulianza mwezi wa Mei 1900, ukaishia Aprili 1901. Basi makisio haya yakufikisha mlangoni, na aliye na takwimu kamili ya miaka ndiye akuingizaye ndani.

La tatu ni siku, nalo ndilo lenye hatari kubwa. Siku ya Kiislamu huanza kwa kuchwa jua, na siku ya karani huanza kwa nusu ya usiku. Aliyekufa Alhamisi saa tatu ya usiku, watu wake husema kafa usiku wa Ijumaa, wakaandika Ijumaa. Karani huandika Alhamisi. Wote wawili wamesema kweli, nawe ukizisoma karatasi zao bila ya kujua, wadhani mmoja wao ni mwongo.

Utasema: hiyo ni siku moja tu, itadhuru nini? Sikiliza, ndugu yangu, jinsi inavyodhuru. Tuchukue mfano. Mzee mmoja ana nyumba, na ana watoto wawili wanaume, mkubwa na mdogo, wala hana mrithi mwingine. Yule mkubwa ana mke na watoto wawili wanaume wachanga. Mzee akafa nyumbani Alhamisi saa tatu ya usiku, na watu wake wakaandika katika msahafu, "Ijumaa". Usiku ule ule, saa nne, yule mwana mkubwa akafia hospitali, na karani akaandika, "Alhamisi". Zikapita miaka ishirini, wakaja watu kuigawanya ile nyumba. Wakatazama karatasi mbili: mwana, Alhamisi, baba, Ijumaa. Wakasema: mwana alimtangulia baba yake. Wakahukumu kwamba nyumba yote ni ya yule mdogo, kwa sababu wajukuu hawarithi pamoja na mwana aliye hai. Mayatima wakatoka mikono mitupu.

Na lau wangalijua hesabu ya usiku, wangaliona kwamba baba alimtangulia mwanawe kwa saa nzima. Basi nyumba ilikuwa nusu kwa nusu baina ya watoto wawili. Na ile nusu ya mkubwa, yake mkewe ni thumuni, na inayosalia ni ya wanawe wawili. Mjane na mayatima wamenyang'anywa haki yao, wala hakuna mwizi aliyevunja mlango. Kilichowaibia ni neno moja lililoandikwa bila ya saa. Na lau haikujulikana kabisa nani alitangulia, basi kwa madhehebu yetu ya Shafi hakuna anayemrithi mwenzake. Unaona, basi, jinsi daftari la wafu lilivyo ni chakula cha walio hai!

Na si mirathi peke yake. Mjane huhesabu eda yake, miezi minne na siku kumi, tangu siku ya kufa mumewe. Bila ya siku, hesabu yake yatikisika. Na deni la maiti ni lazima lilipwe kabla ya warithi kugawana, kwani imepokewa kwamba nafsi ya Muumini hubaki imetundikwa kwa deni lake mpaka alipiwe. Wangapi wamepata, katika kupekua karatasi za wazee wao, hati ya deni ambalo halikulipwa, au wakfu uliogeuzwa duka? Aliyeipata karatasi kama hiyo asiikunje akairudisha sandukuni. Mwenyezi Mungu amemfunulia mlango wa kumtendea wema mzazi wake baada ya kufa kwake.

Nalo liko jambo la ardhi. Maziara mengi ya miji yetu midogo yalitolewa na wazee kwa ajili ya kuzikia Waislamu wote. Maulamaa wa Shafi wamesema wazi kwamba ardhi iliyotolewa kwa maziko ya watu wote ni haramu kujenga juu yake. Lakini maziara yasiyokuwa na daftari, wala mpaka ulioandikwa, hayana wa kuyashuhudia. Kwanza huota magugu, kisha husemwa, "hapo hapana mtu", kisha hutiwa ua, kisha hujengwa. Daftari la makaburi ndilo shahidi asiyelala.

Watauliza wengine: je, kuandika majina ya wafu na tarehe zao si bidaa? Twawajibu: kwanza, Mwenyezi Mungu katika aya iliyo ndefu kuliko aya zote za Kurani ametuamrisha tuandike madeni, ili haki isipotee, na tarehe ya kifo ni mzizi wa haki nyingi kama tulivyoeleza. Pili, Sayyidna Umar (R.A.) aliweka diwani, wakaandikwa humo majina ya watu na haki zao, na masahaba hawakumpinga. Tatu, maulamaa wa hadithi waliandika miaka ya kufa kwa wapokezi, wakawatambua waongo kwayo: mtu akidai kwamba alisikia kwa sheikh fulani, humuuliza amezaliwa lini, kisha wakatazama sheikh yule alikufa lini.

Na katika jambo hili iko khabari mashuhuri ya Al-Khatib al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 463 wa Hijra, sawa na 1071. Mayahudi fulani walitoa barua wakidai kwamba Mtume (S.A.W.) aliwasamehe watu wa Khaibar wasitoe jizya, na chini yake mna ushahidi wa masahaba. Waziri akampelekea. Akaitazama, akasema ni ya uwongo. Akaulizwa, umejuaje? Akajibu kwamba mna ushahidi wa Muawiya, naye alisilimu mwaka wa kufunguliwa Makka, na Khaibar ilikuwa kabla yake, katika mwaka wa 7; na mna ushahidi wa Saad bin Muadh, naye alikufa baada ya vita vya Khandaki, miaka miwili kabla ya Khaibar. Tarehe moja ya kifo ikaiangusha barua nzima! Basi vipi kazi iliyoilinda dini itakuwa ni upuuzi?

Ama kuandika juu ya kaburi lenyewe, hilo ni jambo jingine. Imepokewa kwa Jabir (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza kaburi kupakwa chokaa, na kujengewa, na kukaliwa, na katika mapokezi ya Tirmidhi umeongezwa ukatazo wa kuandika juu yake. Maulamaa wa Shafi wameona kuandika ni makruhu, na wako waliosahilisha jina peke yake ikiwa iko haja ya kulijua kaburi. Na sisi twasema: kwa nini tugombane juu ya jiwe, hali tunayo karatasi? Jiwe hununuliwa, na tajiri hulinunua kubwa kuliko la jirani yake; na hapo ndipo mashindano ya Takaathur yanaporudi. Lakini mstari mmoja katika daftari la msikiti haununuliwi. Tajiri apata mstari mmoja, na mchukuzi wa bandarini apata mstari mmoja, na yule mfagiaji apata mstari wake, sawa sawa nao.

Sasa lisilopendeza kwa wengi, nalo lazima lisemwe. Mwenye kupekua madaftari ya zamani huenda akakuta asilolitarajia. Huenda akaona kwamba babu yake ameandikwa Mabruki au Faraji, bila ya jina la baba, na mbele yake "mtumwa wa fulani" au "huru wa fulani". Wako watakaoifunga karatasi hiyo kwa haya, na wako watakaoichana. Ndugu yangu, usiichane! Aibu si ya aliyeuzwa. Mwenyezi Mungu amekwisha kusema katika Suratul-Ahzaab kwamba wasiojulikana baba zao ni ndugu zetu katika dini. Salim, aliyekuwa mtumwa akaachwa huru, akajulikana kwa kunasibishwa na Abu Hudhaifa, alikuwa akiwasalisha Muhajirina wa mwanzo Kuba kwa sababu ya wingi wa Kurani aliyoihifadhi. Basi ukimpata babu yako ambaye hana baba katika karatasi, umempata ndugu yako katika dini, na dua yako kwake ni mali ambayo hakuipata duniani. Na wewe uliyekuta kwamba babu yako ndiye aliyekuwa bwana, usitoke na kichwa kirefu. Toka uwaombee wale waliomtumikia, na uwatazame wajukuu zao kama ndugu, uwape na binti zako wakija kuposa, kwani taqwa ndiyo nasaba.

Na mwenye kulipata kaburi alilokuwa akilitafuta, afanye nini? Mtume (S.A.W.) mwanzo alikataza kuzuru makaburi, kisha akaruhusu, kwa kuwa hukumbusha akhera. Basi atoe salamu, awaombee wafu maghufira, akumbuke kwamba na yeye atalala hapo, kisha arudi akawatendee wema jamaa aliowajua kwa sababu ya utafutaji wake. Asiwashe taa, asifukize udi kwa kutaka haja, asimwombe maiti mvua wala mtoto wala riziki. Maiti ndiye mwenye haja ya dua yetu. Atakayegeuza jambo hilo, akamwomba aliyelala badala ya kumwombea, amefunga safari ndefu akaikosa njia mlangoni.

Basi twatoa nasaha hii kwa maimamu na wazee wa misikiti ya miji yetu, mikubwa na midogo. Liwekwe daftari moja katika kila msikiti wenye maziara. Aandikwe kila anayezikwa: jina lake, na la baba yake, na la mama yake, mahali alipofia, siku, na saa, na useme ni mchana au usiku, tarehe ya Hijra na ya Miladi, upande aliozikwa na jirani zake wa kulia na wa kushoto, na deni lake au wasia wake, ikiwa warithi waliutaja. Mwanamke aandikwe kwa jina lake mwenyewe. Mgeni asiyejulikana aandikwe pia, kwa sifa zake na nguo zake, asaa mama yake akaja kuuliza. Itolewe nakala ya pili, iwekwe kwa kadhi au mahali pengine pa amana, ili moto na mchwa visile zote mbili. Na vijana wa madrasa wafundishwe kusoma mawe yaliyobaki na kuyanakili na kuyapiga picha kabla hayajafutika, bila ya kuyakanyaga makaburi wala kuyakalia. Na haya yote yasiache kibali cha kuzika na cheti cha serikali. Kwani kuharakisha maziko ni sunna, lakini hakuna sunna ya kusahau kuandikisha baada ya maziko.

Gharama yake ni daftari moja na kalamu moja. Faida yake ni mayatima kutodhulumiwa, na maziara kutouzwa, na ndugu kujuana. Na yako masiku yanakuja ambapo mmoja wetu atakuwa ndiye anayeulizwa. Atakuja mtoto wa mtoto wake kutoka mbali, asimame mlangoni pa msikiti aseme, "Kaburi lake liko wapi?" Tumwombe Mwenyezi Mungu asimkute imamu akitikisa kichwa.

Ewe Mola wetu, waghufirie waliotutangulia kwa imani, waliojulikana majina yao na wasiojulikana ila na Wewe. Utuwezeshe kulipa madeni yao na kuunga jamaa zao, wala usitie ndani ya nyoyo zetu kiburi kwa walio bora katika wao, wala haya kwa walio dhaifu. Amin.

Wabillahi tawfiki.